Jinsi ya Kusanifu Darubini ya Angani ya Eksirei Kali

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa fizikia au uhandisi anayetaka kujua darubini ya eksirei husanifiwaje tangu karatasi ikiwa tupu. Utahitaji kalamu, kikokotoo na hesabu za pembe ulizosoma sekondari. Ukifika mwisho hutakuwa na chombo mkononi, ila utakuwa na kurasa mbili tatu za tarakimu zinazoshikana, na kila darubini iliyowahi kurushwa ilianza hivyo hivyo.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Eksirei kali ni zile zenye nishati kuanzia kiloelektronivolti (keV) 10 hivi hadi 80 au 100. Angahewa huzimeza kabla hazijatufikia, kwa hiyo lazima chombo kipande juu. Chini ya keV 10 kazi imekuwa ikifanywa vizuri na darubini za angani za Chandra na XMM-Newton, zote za mwaka 1999. Juu ya hapo anga lilionekana kwa ukungu mpaka tarehe 13 Juni 2012, NuSTAR iliporushwa. Hiyo ndiyo darubini ya kwanza katika obiti iliyoweza kukusanya eksirei kali kwa vioo na kuzileta mahali pamoja. Nitaitumia kama kipimo chetu, na katika hatua zinazofuata tutamsanifu mrithi wake.

Hatua ya 1: Chagua swali moja, kisha uligeuze kuwa tarakimu

Wanaoanza hukimbilia kioo, maana kioo ndicho kinachovutia. Mimi nakusihi uanze na swali, na liwe moja. Darubini ya kila kitu haipo. Kila swali huvuta usanifu upande wake.

Tazama mifano mitatu. Mabaki ya supanova Cassiopeia A yana titani-44, atomi yenye mnururisho inayozaliwa ndani kabisa ya mlipuko. Inapooza hutoa mistari ya eksirei karibu na keV 68 na keV 78. Mwaka 2014 NuSTAR ilichora ramani ya titani hiyo, ikaonekana imetapakaa kwa mabonge yasiyo sawa, ushahidi kwamba nyota ile haikulipuka kwa usawa pande zote. Swali la namna hiyo linadai darubini ifike karibu keV 80 na iweze kutofautisha nishati kwa keV 1 hivi. Mfano wa pili ni M82 X-2, chanzo kikali mno kiasi kwamba wengi walidhani ni shimo jeusi, hadi mapigo yake ya kila sekunde 1.37 yalipogunduliwa na kuonyesha kwamba ni nyota ya nutroni. Swali la pili linadai saa nzuri. Picha safi si lazima.

Mfano wa tatu ndio tutakaoufanyia kazi. Anga lote lina mwanga hafifu wa eksirei, na nguvu ya mwanga huo hufika kilele karibu na keV 30. Sehemu kubwa yake hutoka kwenye mashimo meusi makubwa yaliyo katikati ya galaksi za mbali. Mengi yamefunikwa na gesi nzito inayomeza eksirei laini, na kali tu ndizo zinazopenya. Tunataka kuyaona moja moja, yaliyo hafifu na yaliyo mbali.

Sasa andika mahitaji: nishati kutoka keV 2 hadi 80, ubainifu wa picha sekunde za pembe 10 (sekunde ya pembe ni digrii moja ukigawanya kwa 3,600), ili vyanzo viwili vilivyokaribiana visichanganyike, eneo kubwa la kukusanyia, muda wa kutazama mrefu. Chini yake andika tunachokiacha. Hatuhitaji kupima muda kwa mikrosekunde, na hatuhitaji kutazama anga lote kwa mara moja. Orodha ya vinavyoachwa ina thamani sawa na ile ya vinavyotakiwa, maana ndiyo itakayokulinda kila mtu atakapokuja na ombi lake.

Hatua ya 2: Amua kati ya vioo na bamba lenye matundu

Kabla ya NuSTAR njia kuu ya eksirei kali ilikuwa bamba zito lenye matundu yaliyopangwa kwa mpango maalumu, na nyuma yake kigunduzi kikubwa. Chanzo hutupa kivuli cha bamba juu ya kigunduzi, na kompyuta husoma kivuli hicho na kurudisha picha. INTEGRAL ya mwaka 2002 na kifaa cha BAT kwenye setilaiti ya Swift ya mwaka 2004 vilifanya hivyo. Faida yake ni kuona eneo kubwa sana la anga. Hasara yake ni kelele.

Kelele ni kila hesabu inayoandikwa na kigunduzi bila kutoka kwenye chanzo unachokitazama. Kadiri kigunduzi kinavyokuwa kikubwa, ndivyo kinavyookota kelele nyingi. Kwa njia ya matundu, kigunduzi lazima kiwe kikubwa kama eneo la kukusanyia. Ukiongeza eneo mara nne, uwezo wa kuona vitu hafifu huongezeka mara mbili tu. Kwa njia ya vioo, fotoni za eneo kubwa huletwa kwenye doa la milimita chache, na kelele inayokuhusu ni ile ya doa hilo tu. Swali letu ni la vitu hafifu. Tunachukua vioo.

Hatua ya 3: Pembe, nusu kipenyo na urefu

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Eksirei ikikipiga kioo uso kwa uso, hupenya au humezwa. Lakini ikija kwa pembe ndogo mno, karibu sambamba na uso wa kioo, huruka, kama kigae bapa kinavyoruka juu ya maji kikirushwa kwa chini. Pembe kubwa kabisa inayoruhusu hivyo hupungua kadiri nishati inavyopanda. Kwa kioo kilichopakwa platini, kanuni ya mkononi ni hii: gawanya 80 kwa nishati ya keV, utapata pembe kwa miliradiani. Digrii moja ni miliradiani 17.5 hivi. Kwa keV 10 pembe ni miliradiani 8, chini kidogo ya nusu digrii. Kwa keV 80 imebaki miliradiani 1.

Mwaka 1952 mwanafizikia Mjerumani Hans Wolter alionyesha kwamba ukitumia nyuso mbili zinazofuatana, eksirei iruke mara mbili, utapata picha ya kweli. Katika umbo hilo kuna uhusiano mwepesi ambao ningependa uukariri: nusu kipenyo cha gamba la kioo, yaani kioo cha duara kilichokaa kama bomba, ni sawa na urefu wa fokasi mara nne ya pembe. Jaribu kwa NuSTAR. Urefu wa fokasi ni mita 10.14, gamba la ndani lina nusu kipenyo cha milimita 54, la nje milimita 191. Utapata pembe za miliradiani 1.3 na 4.7. Tarakimu tatu zimefungana. Ukigusa moja umegusa zote.

Sasa darubini yetu. Tukichukua urefu wa fokasi wa mita 20 na magamba yenye nusu kipenyo kuanzia sentimita 10 hadi 25, pembe zinakuwa miliradiani 1.25 hadi 3.1. Rudi kwenye kanuni ya 80: gamba la ndani litarusha eksirei hadi keV 64 kwa platini peke yake, la nje hadi keV 26. Kama tungebaki na mita 10 kwa magamba yale yale, pembe zingekuwa maradufu na nishati zingekatika nusu. Ndiyo maana darubini za eksirei kali ni ndefu na nyembamba. Pendekezo la darubini ya HEX-P, lililobuniwa na wanasayansi wengi waliotoka kwenye NuSTAR, lilichukua pia mita 20.

Hatua ya 4: Tabaka nyembamba juu ya kioo

Gamba la nje limekwama kwenye keV 26, nasi tunataka 80. Dawa yake ni kulipaka kioo tabaka nyingi za vitu viwili kwa kupokezana, kimoja kizito na kimoja chepesi. Kila mpaka kati ya tabaka hurudisha sehemu ndogo ya mawimbi, na yakilingana huongezana nguvu. Sharti lenyewe: urefu wa wimbi uwe sawa na unene wa jozi moja mara mbili ya pembe kwa radiani.

Urefu wa wimbi kwa nanomita ni 1.24 ukigawanya kwa keV. Kwa keV 60 ni nanomita 0.0207. Gamba la nje lina pembe ya radiani 0.0031, kwa hiyo jozi ya tabaka iwe nanomita 3.3, sawa na atomi kumi na chache tu. Kwa keV 26 iwe nanomita 7.7. Kwa kuwa tunataka nishati zote za katikati, unene hubadilishwa taratibu: jozi nene juu, nyembamba chini, ili kila nishati ikute tabaka zake.

Chagua vifaa kwa kuangalia ukingo wa umezaji. Tangsteni humeza ghafla kuanzia keV 69.5, platini kuanzia keV 78.4. NuSTAR ina magamba 133 kwa kila moduli, yaani kila kifurushi cha vioo: 89 ya ndani yamepakwa platini na kaboni, 44 ya nje tangsteni na silikoni. Mpaka wake wa keV 79 ni mpaka wa platini. Sisi tunaishia karibu na hapo, basi tufuate mpango huo huo. Mwenye swali la titani-44 ana kazi ngumu zaidi, maana mstari wake wa juu uko karibu kabisa na ukingo wa platini.

Hatua ya 5: Magamba mangapi, na ya kitu gani

Kokotoa eneo la gamba moja: mzingo wake, mara urefu wa kioo, mara pembe. Kwa nusu kipenyo cha mita 0.2, kioo cha mita 0.25 na pembe ya radiani 0.0025, unapata chini ya sentimita 8 za mraba. Na kwa sababu eksirei huruka mara mbili, kioo kinachorudisha asilimia 70 kila mara kitakuachia asilimia 49. Gamba zima la upana wa sentimita 40 linakupa eneo la stempu moja hivi. Ndiyo sababu tunaweka gamba ndani ya gamba, mamia yake.

Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni kwenye karatasi. Nafasi kati ya gamba na gamba ni urefu wa kioo mara pembe. Kwa gamba letu la ndani nafasi hiyo ni milimita 0.31. Kioo kikiwa na unene wa milimita 0.3, karibu nusu ya eneo limezibwa na kingo za kioo chenyewe. NuSTAR ilitumia kioo cha milimita 0.2 hivi, kilichopashwa moto kikalegea kikachukua umbo la kalibu. Ni njia ya bei nafuu na nyepesi, lakini umbo lake halikuwa kamili: nusu ya fotoni huangukia ndani ya duara la sekunde za pembe 58. Chandra, yenye vioo vinene vilivyosuguliwa, hufikia nusu sekunde ya pembe, ila ina magamba manne tu na ni nzito mno.

Tunataka sekunde 10, katikati ya hao wawili. Njia mbili zinatia matumaini. Ya kwanza ni silikoni ya fuwele moja, inayosuguliwa katika kituo cha Goddard cha NASA. Fuwele hiyo haina mkazo wa ndani, kwa hiyo ikikatwa kuwa nyembamba haijikunji. Ya pili ni magamba ya nikeli yanayokuzwa kwa umeme juu ya kalibu na kuvuliwa yakiwa duara zima, ufundi uliokomaa Italia na kutumika kwenye XMM-Newton. Duara zima hulinda umbo lake vizuri, lakini nikeli ni nzito. Kwa magamba membamba ya ndani mimi ningekwenda na silikoni. Kila atakayechagua apime uzito kabla ya kupenda.

Tazama faida ya sekunde 10 kwa tarakimu. Doa la NuSTAR lina upana wa milimita 2.85 hivi. Letu, hata kwa urefu maradufu, ni milimita 1. Eneo la doa limepungua zaidi ya mara nane, na kelele ndani yake imepungua vivyo hivyo. Ishike tarakimu hii, itarudi tukifika kwenye obiti.

Hatua ya 6: Mlingoti

Vioo na vigunduzi lazima vitenganishwe kwa urefu wa fokasi, na mita 20 hazienei ndani ya roketi ya kawaida. NuSTAR ilibeba mlingoti wa mita 10 uliokunjwa ndani ya kasha la mita moja hivi, na ukakunjuliwa siku chache baada ya kurushwa. Mlingoti hujikunja kidogo ukitoka kwenye jua kuingia kwenye kivuli cha dunia. Usijaribu kuuzuia kabisa, upime. NuSTAR ina miale miwili ya leza inayotoka upande wa vioo na kuangukia vihisi upande wa vigunduzi, na kompyuta hurekebisha nafasi ya kila fotoni baadaye. Kwetu, vioo vikisogea milimita 1 kando, picha imehama sekunde 10 za pembe, yaani ubainifu wote umekwisha. Andika: tupime mwendo kwa usahihi wa milimita 0.1 au zaidi.

Njia nyingine ni vyombo viwili vinavyoruka pamoja bila mlingoti. Simbol-X ya Ufaransa na Italia ilipangwa hivyo kwa mita 20, lakini ikafutwa mwaka 2009. Tangu hapo Proba-3 ya Ulaya, iliyorushwa Desemba 2024, imeonyesha vyombo viwili vinaweza kushika umbali wa mita 150 kwa usahihi wa milimita. Kwa mita 20 mlingoti unatosha. Atakayetaka kupita keV 100 kwa lenzi za fuwele, zinazohitaji umbali mrefu zaidi, ndiye aichukue njia hiyo.

Hatua ya 7: Kigunduzi, ngao na mwanga wa kando

Silikoni ya kamera za kawaida haifai hapa. Kwa keV 30, kipande cha nusu milimita hukamata fotoni chache tu na nyingine hupita. Tumia kadimi-zinki-teluraidi, au kadimi-teluraidi. Unene wa milimita 2 hukamata karibu zote hadi keV 80, na hauhitaji baridi kali. Pikseli za NuSTAR ni milimita 0.6. Doa letu la milimita 1 linadai pikseli tatu kwa upana, basi milimita 0.3. Uwanja wa kuona nao ni upana wa kigunduzi ukigawanya kwa urefu wa fokasi: sentimita 4 kwa mita 20 ni dakika za pembe 7 tu, karibu nusu ya ule wa NuSTAR. Tukitaka kuulinda, kigunduzi kiwe sentimita 8. Hii ndiyo bei ya urefu.

Ngao hufanywa kwa fuwele ya seziamu iodaidi inayomulika ikipigwa na chembe. Fuwele na kigunduzi vikiita kwa wakati mmoja, tukio hilo hutupwa. Lakini seziamu na iodini zenyewe hutoa eksirei za keV 28 na 31 zikisisimuliwa, na NuSTAR imeziona kwenye kelele zake. Kwetu hilo ni tatizo kubwa, kwani liko palepale kwenye kilele cha keV 30 tunachokwenda kukitafuta. Weka kati ya ngao na kigunduzi tabaka za metali, nzito upande wa ngao na nyepesi upande wa kigunduzi, kila moja imeze eksirei ya iliyotangulia.

Jambo la pili ni mwanga wa kando. Mlingoti ulio wazi huruhusu chanzo kikali kilicho digrii chache pembeni kumulika kigunduzi moja kwa moja bila kupitia kwenye vioo. Panga vizuizi vya duara mbele ya kigunduzi, na chora mistari yote inayoweza kupita kabla hujafunga mchoro. Kazi hii inachosha, na imeokoa data nyingi.

Hatua ya 8: Obiti

Juu ya Brazili na Atlantiki ya kusini uga wa sumaku wa dunia ni dhaifu, na mkanda wa chembe hushuka chini. Setilaiti ikipita hapo, protoni huvipiga vigunduzi na kuviachia mnururisho unaoendelea kunguruma hata baada ya kutoka. Obiti ya karibu na ikweta hulikwepa eneo hilo, au hugusa ukingo wake tu. Ndiyo maana setilaiti ya kwanza ya astronomia ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kwenye latitudo ya digrii 3 kusini. Ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru, na orodha yake ya mwisho ilibeba vyanzo 339. Pwani hiyo ingali kazini: kituo cha Malindi ndicho kituo kikuu cha kupokelea data za NuSTAR, na vilevile za IXPE, setilaiti ya kupima polarishaji ya eksirei iliyorushwa Desemba 2021. Setilaiti inayozunguka ikweta hupita juu ya Malindi kila duru.

Obiti ya ikweta kwa kimo cha kilomita 600 ina gharama zake. Duru moja ni dakika 97, na dunia huziba vyanzo vingi kwa karibu nusu ya muda. Mlingoti huingia na kutoka kivulini mara 15 kwa siku. Na ukirusha kutoka mbali na ikweta, roketi hutumia nguvu nyingi kugeuza obiti. IXPE ilipanda Falcon 9 nzima kutoka Florida ingawa ni chombo kidogo.

Mbadala ni L1 au L2, nukta ambako chombo hulizunguka jua sambamba na dunia, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Huko hakuna kivuli, joto limetulia, unaweza kutazama kitu kimoja siku nyingi mfululizo. Lakini sumaku ya dunia haikulindi tena, na kelele za chembe hupanda.

Kwa doa la NuSTAR jibu lilikuwa ikweta, bila shaka. Kwa doa letu sina uhakika huo huo, na hapa ndipo ile tarakimu ya mara nane inaporudi. Kelele ndani ya doa ikiwa ndogo, kinachokuzuia ni uchache wa fotoni za chanzo chenyewe, na dawa ya uchache ni muda. Ubora wa kioo umebadilisha jibu la obiti. HEX-P nayo ilipanga kwenda L1. Mimi ningechagua L1 kwa swali letu, kwa masharti mawili: ngao ikokotolewe upya kwa mazingira ya huko, na roketi iwe na nafasi ya uzito. Kama ubainifu wa kioo utaishia sekunde 30 badala ya 10, ningerudi ikweta siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Mwelekeo na usalama

Soma ripoti ya Hitomi kabla hujachora mfumo wa kuelekeza chombo. Hitomi ya Japani ilirushwa tarehe 17 Februari 2016 ikiwa na darubini za eksirei kali zenye fokasi ya mita 12. Tarehe 26 Machi kompyuta yake iliamini kwamba chombo kinazunguka ilhali kilikuwa kimetulia, ikaanza kukizuia, na hivyo ikakizungusha. Chombo kilipojaribu kujiokoa kwa injini ndogo, amri zilikuwa na tarakimu zisizo sahihi, kikazidi kuzunguka mpaka paneli za jua na fremu ya kukunjuka iliyobeba vigunduzi vya eksirei kali vikang'oka. Vioo vizuri na vigunduzi vizuri vilipotea kwa sababu ya faili ya tarakimu.

Kwa hiyo andika haya kama mahitaji, yasiwe ushauri tu: vihisi viwili vya aina tofauti vikubaliane kabla chombo hakijajizungusha, tarakimu za injini zikaguliwe na mtu asiyeziandika, hali ya dharura ijaribiwe ardhini mlingoti ukiwa umekunjwa na ukiwa umenyooshwa, kwa maana chombo chenye mlingoti mrefu hugeuka tofauti kabisa.

Hatua ya 10: Jaribu chini, jaribu kwa puto

Kioo hupimwa ndani ya bomba la ombwe, chanzo cha eksirei kikiwa mbali ili miale ifike karibu sambamba. Kituo cha PANTER karibu na Munich kina bomba la zaidi ya mita 100; cha Huntsville, Alabama, kina la zaidi ya mita 500. Baada ya hapo kuna puto: kwenye kimo cha kilomita 40 hivi eksirei za zaidi ya keV 20 hupenya kiasi cha kutosha. Darubini ya HEFT iliruka kwa puto mwaka 2005, na teknolojia yake ndiyo iliyozaa NuSTAR. Usiruke hatua hii ukidhani unaokoa fedha.

Kuhusu fedha, jua ushindani ulivyo. NASA ilifungua nafasi ya chombo kimoja cha dola bilioni 1, na Oktoba 2024 ikateua mapendekezo mawili ya kuendelezwa: AXIS ya eksirei laini na PRIMA ya infraredi. HEX-P halikuwa miongoni mwao. Swali la mashimo yaliyofichika bado linasubiri chombo chake, na usanifu unaoufanya leo una mahali pa kwenda.

Hatua ya 11: Ijaribu darubini yako kwenye kompyuta

Hatua hii unaweza kuifanya popote penye intaneti, na zana zote ni za bure. Andika programu fupi ya Python inayofuatilia miale kupitia magamba yako, upate eneo fanisi, yaani eneo la kukusanyia linalobaki baada ya hasara zote, kwa kila nishati; hilo ndilo jedwali la darubini yako. Tumia programu ya Geant4, iliyoanzia CERN, kukokotoa kelele za obiti uliyoichagua. Kisha ingia kwenye hifadhi ya HEASARC ya NASA, chukua data za NuSTAR za galaksi ya Circinus au NGC 1068, ambazo mashimo yao meusi yamefunikwa na gesi nzito. Zipime kwa XSPEC, programu ya kuchambua spektra za eksirei, upate mfano wa chanzo. Punguza nguvu ya mfano huo mara mia, kama vile galaksi iko mbali mara kumi zaidi, na kwa amri ya fakeit uupitishe kwenye jedwali la darubini yako, ukitaja muda wa kutazama wa sekunde 100,000.

Angalia unene wa gesi unaoupata na ukubwa wa kosa lake. Fanya vivyo hivyo kwa jedwali la NuSTAR yenyewe. Kosa lako likiwa dogo kwa mara tatu au zaidi, una hoja ya kuandikia pendekezo. Likikaribiana na la NuSTAR, rudi Hatua ya 5, hesabu upya nafasi kati ya magamba, na uanze na yale ya ndani.